Tasbihi Moja kwa Mguu wa Farasi

Nyinyi mlobaki kituo chetu cha wanyama mmeniuliza mara nyingi kwa nini kidonda cha mguu sisi tunakiosha kwa "tasbihi moja" na wala hatutazami saa. Siku zote nlikuwa nnakujibuni, "Osheni kwanza, masuala baadae." Sasa nshaacha kazi, mikono haina cha kukamata, basi wacha nikuhadithieni. Mimi kuandika nimejifunza ukubwani, masomo ya jioni pale Jang'ombe, nikitoka kazini na harufu ya dawa mpaka mwalimu ananikalisha dirishani. Kwa hivyo msinitafutie maneno makubwa. Nnaandika kama nnavyosema.

Umri wa kustaafu sijaufika, hilo mnalijua. Magoti ndiyo yalonistaafisha. Kazi yetu hufanywa umechutama. Ukiwa chini ya farasi hupigi goti, unachutama, ili akikurupuka na wewe uruke. Dk. Zuhura, daktari wetu, alikuwa akitwambia, "Goti la kupiga chini ni la kwenye mswala tu." Nimechutama miaka mingi, na sasa hata kwenye mswala nnasalia kiti. Alhamdulillahi, kiti nnacho.

Siku yangu ya mwanzo nlikuja kupiga deki. Kituo kilikuwa chumba kimoja na ua, nyuma ya maduka ya Mlandege, na wagonjwa wetu takriban wote walikuwa punda wa magari ya mizigo. Dk. Zuhura ndiye alokuwa daktari, mwanamke mwembamba, kijana kuliko mimi kidogo, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Asubuhi ile akaletwa punda ana kidonda mgongoni, pale gogo la gari linapokaa. Daktari akafunua gunia. Funza. Mimi nikatapika ndani ya ndoo yangu mwenyewe ya deki, kisha nikaiosha, maana ndiyo kazi nloajiriwa.

Nliporudi akanambia, "Naam, umerudi. Wengine wote hukimbilia sokoni Darajani hawaonekani tena. Hebu njoo unishikie beseni."

Nimelishika beseni lile tangu siku hiyo.

Alonifunza Dk. Zuhura ni mengi, lakini mengi yake yanafanywa kwa pua na vidole. Kabla hujakitazama kidonda, kinuse. Kikiwa na harufu ya damu mbichi, kheri. Kikiwa na harufu ya tamutamu iliyooza, mwite daktari usijifanye hodari. Bendeji ya mguu huanza kwatoni ikapanda juu, pamba chini, kitambaa juu yake, unazungusha upande mmoja tu, na ukimaliza kidole kipite. Kidole kisipopita umemkaba mguu, vikipita viwili asubuhi utaikuta bendeji kwenye majani. Mkasi uwe wa ncha butu. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, na chumvi kidogo. Asali safi, si ile ya kuchanganywa na sukari guru. Na juu ya vyote, pampasi.

Pampasi ndiyo zinazonyonya uchafu wa kidonda kuliko pamba yoyote. Nlikuwa nnakwenda kununua duka moja Mlandege. Mara ya mwanzo muuzaji, bwana mmoja mcheshi, akanitazama mwanamke niliyekwishapita umri wa kuzaa zaa, akasema, "Hongera Bi! Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume."

"Mashaallah. Mzito?"

"Anabeba mtalii mzima na kamera yake."

Hakuniuliza tena. Lakini kila nkipita hunambia, "Bi Tatu, yule mtoto bado hajakaa msalani?"

Sasa huyo mtoto mwenyewe ni Halua. Mpaka leo mkisema farasi, mimi humuona yeye kwanza. Alikuwa wa Bwana Nassor, ambae farasi wake hupandwa na wageni pwani, na banda lake liko nyuma ya Kiembe Samaki, kwa miguu si mbali na kwangu. Farasi dume, kahasiwa, rangi yake ile ya halua iliyotoka jikoni sasa hivi, inang'ara mpaka unataka kuigusa. Siku moja pwani akakanyaga bati lilofukiwa na mchanga. Bati likampasua mguu wa nyuma, chini kabisa, pahala ambapo farasi hana nyama, ana ngozi na mfupa na kano. Mahala pabaya kuliko pote. Hapo damu haifiki kwa wingi, ngozi haina pa kuvutikia, na kila akikanyaga kidonda kinafunguka.

Tulipoitwa, mguu ulikuwa umeshatibiwa. Alomtibu ni Haji, mtunzaji wake, mtu wa Tumbatu, jitu la watu lakini mpole, ukimpa kikombe cha chai hukishika kama yai. Kammiminia mafuta ya karafuu, yale makali, chupa nzima.

Dk. Zuhura akauliza, "Haji, nani kakwambia?"

"Hakunambia mtu, daktari. Karafuu inatibu jino, inatibu tumbo, bibi yangu alikuwa akisugua mgongo. Nkajua na mguu utapona."

"Wewe ukiumwa na jino humimini chupa nzima."

Haji akainamisha kichwa. Mafuta yale yalikuwa yameichoma nyama ilokuwa nzima, na yalikuwa yamemfunza Halua kitu kimoja: mkono wa mtu ukishuka mguuni, unakuja moto. Tangu siku ile Haji akimkaribia kwa nyuma, anapigwa teke. Daktari akimkaribia, teke. Mimi nlipochutama, sijui kwa nini, alitetemeka tu. Nlikuwa na mazoea, nikiosha kidonda, ya kuleta "Subhanallah" kwa sauti ya chini, maana mikono ina maji huwezi kutazama saa, na ulimi usipokuwa na kazi huanza kusengenya. Alikuwa kageuza sikio moja kwangu. Nlipofika mwisho wa uradi wangu, na yeye akashusha pumzi.

"Huyu ni wako," Dk. Zuhura akasema. "Mimi ntakata, ntadunga, ntaandika dawa. Kufunga ni wewe."

Kidonda kile kikaanza kupona, na hapo ndipo shida ilipokuja. Farasi mguu wake una ajabu hii: nyama mpya ikianza kuota, haijui kusita. Inajaa shimo, kisha inapanda juu, nyekundu, vinundu vinundu, kama matunda ya mashokishoki yaliyobanana. Na ngozi haiwezi kupanda mlima. Ngozi hutoka ukingoni, inakuja taratibu kuelekea katikati, ikikuta nyama imepanda inasimama pale pale. Nyama iwe sawa na ngozi, basi anapona. Ikipanda, kidonda hakifungiki maisha yake yote, na mwishowe mguu unaoza.

Siku ya mwanzo Dk. Zuhura alipoikata ile nyama ilozidi, mimi nlifumba macho. Damu ilitiririka mpaka kwenye makobazi yangu. Nikasubiri Halua apige ukelele. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa anatafuna majani.

"Daktari, umempa dawa ya ganzi?"

"Sijampa kitu. Nyama hii haina mishipa ya fahamu, Bi Tatu. Haisikii uchungu."

Nlikaa pale nikiitazama damu inadondoka na mnyama anatafuna, nikafikiri, Mola Wangu, Wewe umeumba nyama ya kuziba jeraha, na ukaiumba isiumie. Nani angeyawaza hayo? Mwili wote unaumia isipokuwa pale unapojengwa upya. Nlikwenda nyumbani nikamsimulia mume wangu mpaka chai ikapoa. Baba Rukia alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Kesho nenda mapema ukamuone."

Nilikwenda kesho yake, na kesho kutwa yake. Wiki ile ile Baba Rukia akasali Alasiri, akasema kifua kinambana, na Magharibi hakuifikia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nikaingia eda. Kwa msiojua, mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila ya dharura, hajipambi, hatii manukato. Najua wapo wanaotoka mchana kwenda kazini, na masheikh wamewapa njia, siwasemi. Lakini mimi nlikuwa nimeweka nia kuikaa yote nyumbani kwangu. Miaka tuliyokaa pamoja alikuwa akinisubiri mlangoni nikirudi masomo ya jioni. Nlitaka na mimi nimsubiri, hata kama harudi.

Hitma ikasomwa, watu wakapungua. Siku moja Dk. Zuhura akaja kunitazama. Alikaa mkekani, akanywa maji, akasema mambo ya watu wa mjini. Nikamuuliza, "Halua vipi?"

Akaiweka bilauri chini. "Hataki, Bi Tatu. Hataki mtu. Nlimfunga mara mbili, mara mbili kaing'oa kwa meno. Nyama inapanda tena. Bwana Nassor kanambia yeye hawezi kumtazama mnyama akifa kidogo kidogo. Anataka nije na sindano."

Sindano gani, sikuuliza.

Usiku ule nlisali nikaomba, na niseme kweli sikuomba mguu upone. Nliomba tu yule mnyama asiogope.

Asubuhi nikasikia kwato. Mlangoni kwangu uani, nyuma ya ukuta, kwato zinapiga chini, tatu kwa nguvu na moja kwa woga. Kisha sauti ya Haji.

"Hodi! Bi Tatu! Mimi siingii, usiogope, nimesimama nyuma ya ukuta na nimegeuka. Nimemleta mgonjwa wako."

Wanawake wanne wa mtaani walikuwa wamekuja kukaa na mimi. Wakatazamana. Mmoja wao alikuwa Bi Mtumwa, mwalimu wa chuo cha Kurani alonisomeshea Rukia wangu, mtu mzima sana, mkali, tasbihi haitoki mkononi. Sote tulikuwa tunamuogopa. Nikamgeukia yeye.

"Shikamoo Bi Mtumwa. Nifanyeje?"

"Marahaba. Kwani mgonjwa mwenyewe nani?"

"Farasi."

"Farasi?"

"Dume," jirani yangu mmoja akadakia, ana mzaha huyo! "Mwenye eda haruhusiwi kuonana na wanaume, kaletewa dume uani!"

Haji akasikia, akapiga kelele kule nje, "Kahasiwa!"

"Basi huyo ni mwenzetu, mfungulieni!" jirani yule akamalizia.

Wakacheka, na mimi nikacheka, mara ya mwanzo tangu mazishi, kisha nikaona haya. Bi Mtumwa hakucheka. Alifikiri. Akasema, "Huyu si mwanamume wa kukuposa, na wewe hutoki mlangoni. Kumrehemu kiumbe wa Mungu hakuvunji eda. Nguo za kazi ziwe mbali na za kusalia. Fungua."

Mlango ukafunguliwa nusu, Haji akaingiza kamba kwa mkono, yeye akabaki nje. Nani aishike? Wale wenzangu walikuwa wameshajibanza jikoni, hata yule mcheshi. Bi Mtumwa akanyoosha mkono wake mwembamba akaishika kamba. Mkono wa kulia tasbihi, wa kushoto farasi.

Mimi nlikuwa na khofu moja. Mazoea yangu nilikuwa nnajifukiza udi, na asmini kichwani. Sasa sina harufu yoyote, na nguo ni za eda. Nikasema, hatonijua. Akaingia anachechemea, masikio nyuma, macho meupe kwa woga. Akanusa kanga yangu. Akanusa mikono. Akanusa hewa, kama mtu alopoteza kitu. Akakoroma, akarudi nyuma, Bi Mtumwa akaburutwa hatua lakini kamba hakuiacha.

Nikachutama, mbali kidogo. Nikaanza, "Subhanallah. Subhanallah."

Sikio moja likageuka.

Sikuweza kuendelea, sauti ilinikatika. Maana ulikuwa ndio uradi uleule nlokuwa nikimletea Baba Rukia kichwani pake akiwa hawezi kulala. Bi Mtumwa akaona. Akapokea yeye, kwa sauti ile ya chuoni, anavuta tasbihi punje moja moja, "Subhanallah, Subhanallah." Halua akashusha kichwa chake kizito mpaka kikafika begani kwa bibi yule, akakiacha pale. Akauegemeza mguu mbovu kwa ncha ya ukwato, kama mtu anayekwambia, haya, fanya.

Nikaosha. Tasbihi ya Bi Mtumwa ilipofika mwisho, kidonda kilikuwa safi. Hiyo ndiyo tasbihi moja yenu. Sina siri nyengine.

Haji kule nje: "Bi Tatu, katulia?"

"Katulia."

"Mwambie nimemsalimu."

"Kamwambie mwenyewe, si unaye njia nzima?"

"Kwangu hajibu."

Ikawa ndiyo ada yetu. Dk. Zuhura alimwendea Bwana Nassor, na Bwana Nassor akasema, "Haya, nampa mpaka Bi Tatu atoke eda. Nyama ikiwa bado imepanda juu ya ngozi, inatosha, tusimtese." Kila baada ya kitambo Halua analetwa, Haji anageuka ukutani, Bi Mtumwa anashika kamba. Asali, kitambaa, pampasi, bendeji ya kubana vizuri ili nyama isinyanyue kichwa. Wale jirani wakatoka jikoni. Mmoja akawa anachemsha maji, mwengine anakata kitambaa. Uani kwangu kukawa kama hospitali, na nyumba ambayo ilikuwa imenyamaza ikawa na mvuke na maneno.

Miezi ilokwenda ile, mimi nimeona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye punda mia. Kwenye punda unafunga, wanamchukua, anarudi kapona au harudi. Huyu nlimtazama kila hatua. Pembezoni mwa kidonda kukatoka uzi, mwembamba, rangi ya waridi, unang'ara kama ndani ya kombe la pwani. Ngozi mpya. Ukiutazama hautembei. Ukirudi siku ya pili umesogea. Ni kama maji yakijaa pwani, unasema bado yako mbali, ukiinama kufunga kiatu ushalowa.

"Kwa nini inaanzia pembeni?" Bi Mtumwa aliniuliza siku moja.

"Daktari kasema katikati haiwezi kuota, Bi. Ndiko kulikoharibika. Inatoka pale palipobaki uzima."

Akavuta punje moja. Akaivuta nyengine. Usiku ule nliingia chumbani kwetu, ambamo nilikuwa nikilala chini tangu msiba, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

Lakini sikuwa na uhakika. Nyama katikati ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na Dk. Zuhura aliikata mara nyengine palepale uani. Ilipofika mwisho wa eda, siku ya kuamuliwa, nje ya ukuta walisimama wawili: Haji, na Bwana Nassor amevaa kanzu ya Ijumaa. Dk. Zuhura akaingia na mkoba wake. Nlijua kilichomo ndani. Aliuweka mbali, karibu na mtungi, na hakuutazama.

Nikafungua bendeji. Nimefungua bendeji nyingi maishani mwangu, ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Pampasi ikatoka, kavu. Nikainusa kabla sijatazama. Harufu ya asali tu. Dk. Zuhura akachutama pembeni yangu, akapitisha kidole kutoka kwenye manyoya, juu ya ule uzi wa waridi, mpaka katikati, na kidole hakikupanda mahala. Kilipita kama kwenye meza. Katikati palibaki pahala padogo padogo, unaweza kupaziba kwa kucha.

Machozi yakamtoka, daktari wa watu, mbele yetu sote. "Subhanallah," akasema, na Halua akageuza sikio.

"Daktari!" Bwana Nassor nje. "Vipi huko? Mbona kimya?"

Dk. Zuhura akaifuta pua yake kwa mkono wa shati, akapaza ile sauti ya ng'ambo ya barabara. "Bwana Nassor, rudi kwako! Kamtayarishie majani!"

Nje kukasikika kitu kizito kinaanguka. Alikuwa Haji, kakaa chini.

Nimefanya kazi miaka mingine baada ya hapo, mmenikuta. Nimeona mapafu ya ng'ombe, macho ya mbuzi, mambo makubwa kuliko mguu mmoja. Bi Mtumwa ametangulia mbele ya haki, na tasbihi yake aliniachia mimi. Ndiyo ile iliyotundikwa juu ya beseni, msiitoe. Wale kati yenu wasiokuwa Waislamu, najua mna maneno yenu mnayoyasema mkiosha, na wagonjwa wanasimama kwenu vilevile. Mimi sijui Mola anavigawaje hivyo vitu. Muhimu msiharakishe.

Wiki nloacha kazi nlipita bandani kumuaga Halua. Amezeeka, siku hizi anapandwa na watoto tu, mwendo wa taratibu. Pale palipokuwa kidonda manyoya yameota, lakini yameota meupe, meupe pe, kwenye mwili wote wa rangi ya halua, kama alopitiwa na chokaa. Ndivyo farasi anavyopona. Palipoumia sana hurudi na rangi nyengine.

Palikuwa na wageni wawili, mama na binti yake, na Haji anamsaidia binti kushuka. Sasa Haji anaugusa mguu ule kila siku na hapigwi. Yule binti akaionesha kidole alama nyeupe, akauliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Nzuri sana! Amezaliwa nayo?"

Haji akanitazama mimi, nlosimama mlangoni na fimbo yangu.

"Ndiyo," akawaambia. "Kazaliwa nayo. Kiembe Samaki, uani kwa huyu bibi."